Jumamosi Ambayo Chuo Hakikufungwa

Mpira wa kikapu ukilowa theluji, halafu ukawekwa chini ya dirisha pale kwenye bomba la joto, unanuka. Si harufu mbaya, ila ni nzito. Unanuka ndala za matairi, unanuka vumbi lililomwagiwa maji, unanuka makwapa ya vijana. Mjukuu wangu Neema ndiye anayeuweka pale. Alihamia kwangu hapa Scarborough kwa sababu kutoka kwa wazazi wake kule Markham hakuna basi la maana la kumfikisha chuoni, na tangu siku ya kwanza nimemkataza kuweka mpira sebuleni. Hanisikii. Ananijibu kwa Kiingereza kwamba mpira ukipoa haudundi. Mimi namsemesha Kiswahili, yeye ananijibu Kiingereza, na kila mmoja anaelewa kile anachotaka kuelewa.

Jumamosi moja, baridi ikiwa inakataa kuisha, alikuwa anaangalia kwenye televisheni mashindano ya vyuo vya Wamarekani. Chuo kimoja kidogo, ambacho hata mtangazaji alikuwa anababaika kukitaja jina, kikakishinda chuo kikubwa chenye uwanja kama mji. Basi kelele. Jirani wa juu anapiga sakafu kwa miguu, jirani wa pembeni anapiga ukuta, na Neema yuko juu ya kochi langu na soksi zake. Nikamwuliza, hao unaowashangilia unawajua? Akasema hapana, ila ni wadogo, Bibi.

Watu wanapenda sana mdogo akishinda. Wanalia machozi kabisa. Mimi nadhani wanapenda kwa sababu kesho yake hawahusiki.

Baadaye akazima televisheni, akakaa. Kisha akanisemesha kwa Kiswahili, kitu ambacho hufanya akiwa anaumwa au amevunja chombo.

"Bibi, timu yetu imefungwa."

Nilikuwa namenya kitunguu, wala sikuinua kichwa. "Si mara ya kwanza. Mlifungwa juzi, mkafungwa na wale wa kabla yao. Kula chakula, Jumamosi mtacheza tena."

"Hapana, Bibi. Imefungwa. Kama duka."

Nikaweka kisu chini. Akanieleza kidogokidogo, Kiswahili kikimwishia njiani, kwamba chuo chao ni kidogo, timu ya wasichana haileti watu uwanjani, mwakani haitakuwepo. Wale wanaocheza vizuri wameshaitwa na vyuo vingine. Yeye hakuitwa. Nilimsikiliza mpaka mwisho, nikampa pole, nikamwekea chai. Lakini ukweli ni kwamba nusu ya akili yangu haikuwa pale. Neno lile lilishanichezea mimi mwenyewe kabla mama yake hajazaliwa, nikiwa sina meno ya mbele, na nilidhani nimekwisha kulizoea.

Mama yangu alikuwa mpishi wa chuo. Chuo chenyewe kilikuwa cha ualimu, upande wa Singida, kidogo tu, majengo ya matofali mekundu yaliyozunguka uwanja wa udongo, na nyuma yake jiko, na nyuma ya jiko kota za wafanyakazi. Baba alikwishakufa, uso wake siukumbuki. Tulikaa chumba kimoja, mimi na Mama, na chumba kile kilikuwa chetu kwa sababu Mama alipika. Asingepika kisingekuwa chetu. Hilo nililijua mapema, kama mtoto anavyojua kwamba moto unaunguza.

Shule niliyosoma ilikuwa ya chuo hichohicho. Ikiitwa shule ya mazoezi, kwa kuwa wanachuo walikuja kufanyia mazoezi ya kufundisha juu yetu, kama msichana anayejifunza kukanda anavyopewa unga kidogo auharibu kwanza. Muhula huu unafundishwa na huyu anayetetemeka, muhula ujao na yule anayepiga kelele. Lakini niliipenda. Harufu ya chaki niliipenda, na kile kitambaa cha kufutia ubao niligombania kukikung'uta. Darasa la pili nilikuwa nasoma maandishi ya kwenye magunia ya unga jikoni, nasoma na ya kwenye makopo ya mafuta, mpaka Mama akaniambia nifunge mdomo apumue.

Jioni wanachuo walicheza mpira wa kikapu. Fundi wa chuo alikuwa amekunja ukingo wa pipa, akaupigilia kwenye ubao, ubao akaupigilia kwenye nguzo, na upande wa pili vivyo hivyo. Mimi kikapu nilichokijua ni cha ukili, cha kwendea sokoni. Siku moja nikamwuliza Mwalimu Zakaria, aliyekuwa nahodha wa timu na muhula ule ndiye aliyekuwa anatufundisha darasa la tatu.

"Mwalimu, mbona kikapu chenu hakina kitako?"

"Kingekuwa na kitako ningekutuma wewe upande ukautoe mpira kila mara."

"Sasa kinabeba nini?"

"Hakibebi kitu. Ndiyo maana tunarudia kutwa nzima."

Wenzake wakacheka. Kulikuwa na mmoja mfupi, mpana, wakimwita Nusu Mkate, ndiye aliyecheka kuliko wote, na ndiye aliyekuwa na maneno mengi kuliko wote. Uwanja wao ulikuwa na mabonde. Upande wa jiko palikuwa na sehemu laini kabisa, kwa sababu Mama na wenzake walimwaga pale maji ya kuoshea masufuria, mwaka nenda mwaka rudi. Mpira ukidundishwa pale haukurudi. Ulikaa chini kama andazi. Nusu Mkate alikuja jikoni kulalamika, na Mama akamjibu akiwa na karai mkononi, "Unataka nimwage wapi, kichwani kwako? Pengine utarefuka."

Timu yetu haikuwa nzuri, au pengine ilikuwa nzuri lakini ndogo. Vyuo vingine vilikuwa na vijana wa kuchagua. Chetu kilichezesha yeyote aliyekuwa na magoti mazima. Jumamosi walipanda lori wakaenda kucheza mbali, na lori likirudi kimya hapakuwa na haja ya kuuliza. Mzee Kasimu, mtunza stoo, aliuliza vilevile, maana ndiyo ilikuwa raha yake.

"Vipi, vijana?"

"Tumefungwa, mzee."

"Ningeshangaa mngesema mmefungua."

Basi hilo ndilo neno nililokua nalo. Kufungwa. Chuo kimefungwa na fulani, chuo kimefungwa tena. Wanaume wazima wanashuka kwenye lori vichwa chini, na Mama anawapakulia ugali bila utani siku hiyo.

Sasa siku moja nilikuwa nimekaa chini ya meza ya jikoni nachambua maharage. Watu wazima wakikaa juu ya kichwa cha mtoto husahau kwamba ana masikio. Mzee Kasimu akaingia, akaketi juu ya gunia.

"Yule mkaguzi hakuja kukagua," akasema. "Alikuja kupima vyumba. Chuo kinafungwa."

"Kila mwaka mnasema kinafungwa," Mama akamjibu.

"Safari hii kweli, mwanangu. Kidogo mno. Wanasema chakula kinacholiwa hapa kingelisha chuo kikubwa. Nimemsikia mkuu wa chuo mwenyewe akilalamika."

Nikasikia mwiko umesimama ndani ya sufuria. Mwiko wa Mama haukuwa unasimama ovyo.

"Kikifungwa, mimi na mtoto tunakwenda wapi?"

"Si kwa kaka yako?"

"Kwa kaka yangu hakuna shule, Mzee Kasimu. Na hata ingekuwepo, mke wake hawezi kumlisha mtoto anayeshinda darasani. Atamtaka mashambani na kwenye maji. Huyu mtoto akiondoka hapa, kusoma kwake kumekwisha."

Mwiko ukaanza tena.

Mimi chini ya meza nilisikia kila neno, na nikaelewa kila neno, ila moja nikalielewa kwa namna yangu. Nilijua kwamba shule hufungwa, wakati wa likizo, na hufunguliwa, wala hakuna anayehama. Kwa hiyo haikuwa hiyo. Nilijua pia kufungwa kwa gerezani, na chuo hakiwezi kutiwa pingu. Ikabaki ile ya Jumamosi. Nikafikiri sana, maharage yakiwa mkononi. Kumbe ndiyo maana wanashuka kwenye lori vile! Kumbe si mchezo. Kumbe mkaguzi anahesabu, na sasa amechoka, na wakifungwa mara moja tena sisi tunafukuzwa. Nikashangaa jinsi vijana wale walivyokuwa wanacheka uwanjani na maisha yetu yako mikononi mwao.

Kuanzia siku hiyo sikukosa mazoezi. Nilikaa kwenye jiwe pembeni, na aliyekosa kikapu nilimsema.

"Wewe Mwalimu, hukula leo?"

"Mama yako katupunguzia maharage," Nusu Mkate akajibu.

"Basi usirushe wewe. Mpe mrefu."

"Jamani, mkaguzi huyu mkali kuliko yule wa serikali!"

Jina likanishika. Nikifika tu, wanapiga kelele, Mkaguzi kaja, simameni wima, ficheni kucha. Mimi sikucheka. Walikuwa wanajiandaa kucheza na chuo kikubwa cha mjini, wale waliotufunga miaka yote, na safari hii wakubwa hao walikuwa wanakuja kwetu, kwa sababu uwanja wao ulikuwa unamwagwa saruji mpya. Siku moja mazoezi yalipoisha nikamfuata Mwalimu Zakaria alipokuwa anaosha miguu bombani.

"Mwalimu, Jumamosi msifungwe."

"Tutajaribu."

"Usijaribu. Mkifungwa sisi tunahama."

Akafunga bomba. "Nani kakwambia hivyo?"

"Mama na Mzee Kasimu. Chuo kikifungwa tunakwenda kwa mjomba, na kwa mjomba sisomi tena. Nitateka maji tu. Kwa hiyo msifungwe."

Akanitazama. Mguu mmoja ulikuwa umeoshwa na mmoja bado una matope. Mimi nilidhani anafikiri jinsi ya kucheza. Leo najua alikuwa anafikiri kitu kingine, maana angeweza kunieleza palepale, kwa sentensi mbili, yeye alikuwa mwalimu na kazi yake ilikuwa kueleza. Hakunieleza.

"Sawa," akasema. "Jumamosi hatufungwi."

Kesho yake aliwaambia wenzake, sijui aliwaambia nini hasa. Ila tangu siku hiyo hawakunitania tena kwa namna ileile, na walipokusanyika kabla ya kuanza mazoezi waliweka mikono pamoja wakasema kwa sauti, Hatufungwi! Nusu Mkate alisema kwa nguvu mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Nilifurahi. Nikaona sasa wameelewa uzito wa jambo.

Jumamosi ile wakubwa walikuja na basi, si lori. Walishuka wamevaa raba nyeupe, zote za namna moja, na fulana zenye namba mgongoni. Wetu walikuwa na fulana walizozitia rangi wenyewe kwa bluu ya kufulia, na jasho lilipoanza kutoka, bluu ikaanza kushuka mikononi, wakawa kama watu waliokamatwa wakiiba wino. Wageni wakacheka. Mmoja wao akauliza kwa sauti, uwanja wenyewe uko wapi, au tutacheza kwenye hili shamba?

"Ndiyo hapohapo," Nusu Mkate akamwambia. "Tumeshalima, bado kupanda."

Walianza kutufunga mapema. Walikuwa warefu, na walipeana mpira bila kutazamana. Nilikuwa kwenye jiwe langu. Mama alikuwa mlangoni mwa jiko ameshika kiuno. Kila kikapu kilipoingia kwetu mimi niliona kitu kimetoka chumbani mwetu: sasa limekwenda godoro, sasa umekwenda ubao wangu wa kuandikia, sasa kimekwenda kile kibatari.

Halafu wageni wakazoea, wakaanza kupita upande wa jiko. Kijana wao mmoja, mrefu, mzuri wa kutazama, akaja na mpira mbio, kichwa juu kama mtu aliyezoea saruji, akaudunda pale penye maji ya masufuria. Haukurudi. Mkono wake ukashuka kuupokea, ukapokea hewa. Nusu Mkate alikuwa ameshainama anausubiri palepale chini, maana alipajua, na alikuwa karibu na ardhi kuliko mtu yeyote uwanjani. Akauokota, akampa Zakaria, kikapu.

Watu wakacheka. Mara ya pili hawakucheka, walipiga kelele. Vijana wetu wakaanza kuwasukuma wageni kwa ujanja upande ule, wanawaziba huku, wanawaachia kule, kama mbuzi wanavyoelekezwa zizini. Wapishi wote wakatoka jikoni. Mzee Kasimu aliacha stoo wazi, jambo ambalo sikuwa nimeliona maishani. Refa alitaka kusimamisha mchezo kwa ajili ya uwanja, na mkuu wa chuo akamwambia kwa upole kwamba uwanja ni huo tangu asubuhi.

Mwishoni tulikuwa sawasawa. Mpira ukaruka ovyo kwenye bonde, ukamkuta Nusu Mkate yuko peke yake chini ya pipa la upande wa wageni, yeye ambaye hakuwahi kufunga kitu mbele ya wageni. Akatazama kulia na kushoto amtafute wa kumpa. Hakuna. Mimi nikasahau kila nilichowahi kumwambia, nikasimama juu ya jiwe nikapiga kelele, "Rusha wewe! Rusha!" Akaurusha kwa mikono miwili kutoka kiunoni, kama mtu anayetupa gunia juu ya lori. Mpira ukazunguka kwenye chuma, ukazunguka, ukaingia. Filimbi ikalia.

Sikuwaangalia walivyobebana. Nilikimbia jikoni kumtafuta Mama, nikamkuta ameshaingia kuangalia moto.

"Mama, hatuhami!"

"Nani kasema tunahama?"

"Hatuhami tena! Chuo hakikufungwa! Tumewafunga wao!"

Mzee Kasimu alikuwa mlangoni. Alinitazama, akamtazama Mama, kisha akaelewa, akaanza kucheka kwa kile kicheko chake cha kukohoa. "Kumbe huyu mtoto alidhani..."

"Mwache," Mama akasema.

"Lakini mwanangu, si vizuri aka..."

"Nimesema mwache, Mzee Kasimu. Leo mwache."

Akachota nyama kwenye sufuria, kipande kizima chenye mfupa, akanipa mkononi, mimi ambaye siku zote nililambishwa mchuzi. Nilikula nimekaa mlangoni, nawatazama wanachuo wakicheza ngoma ya madebe na bluu imewatapakaa mpaka usoni. Sijawahi kula kitu kama kile tena. Hapa kuna nyama kila siku, ya kila aina, imefungwa kwenye karatasi ya nailoni, na mimi namkaangia Neema, na sisikii ladha.

Jumatatu tulipangwa mstarini, wanachuo upande mmoja na sisi watoto wa shule ya mazoezi upande wa pili. Mkuu wa chuo alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akaisifu timu. Akamwita Nusu Mkate mbele kwa jina lake halisi, hata hatukujua ni nani anayeitwa. Makofi. Kisha akasema ana jambo zito, na anasikitika kulisema baada ya furaha kama ile. Akasema mwisho wa muhula chuo chetu kitafungwa.

Nikangoja acheke. Hakucheka. Nikaona amekosea tu, mtu mzima naye hukosea, na hakuna anayemrekebisha. Nikatoka mstarini.

"Hakifungwi!" nikamwambia. "Tumewafunga wao! Mimi nilikuwepo!"

Walimu wakageuka. Mmoja akanifuata aniondoe. Lakini kutoka upande wa wanachuo kuna sauti ikasema, Hatufungwi! Nikamjua kwa sauti, Nusu Mkate. Wengine wakaitikia, Hatufungwi! Wakaendelea, wakipiga miguu chini, vumbi linapanda, hawacheki, na mimi nikajua nimeshinda. Mkuu wa chuo hakuwanyamazisha. Alivua miwani akasimama nayo mkononi mpaka walipochoka wenyewe. Walipochoka, akasema tena kilekile, kwa maneno yaleyale, akatuambia tuingie madarasani.

Siku ile Mwalimu Zakaria hakufundisha hesabu. Alitupa kazi ya kuchora, akaja akachutama karibu na dawati langu, akanieleza. Alieleza vizuri. Alisema kufungwa ni hivi kwa mpira, na hivi kwa mlango. Alikuwa mwalimu mzuri, nadhani angefundisha hata jiwe.

"Ulijua?" nikamwuliza. "Pale bombani ulijua?"

"Nilijua."

"Na Nusu Mkate?"

"Wote tulijua."

"Sasa mlikuwa mnacheza nini?"

Akashika ncha ya penseli yangu, akaona imekatika, akaichonga kwa wembe wake taratibu. "Tusingecheza kingefungwa vilevile," akasema.

Nilimkasirikia kwa jibu lile miaka mingi. Niliona ni jibu la mtu aliyekata tamaa. Sasa nina umri wa kumzaa yeye alivyokuwa wakati ule, na nimeshaona mengine yakifungwa, kiwanda alichofanyia kazi mume wangu, kanisa letu la kwanza hapa mjini, na bado sijapata jibu lililo bora kuliko lile. Mtu akipata aniambie. Nimechoka kulitafuta.

Mwisho wa muhula yalikuja malori. Wanachuo waligawanywa. Wengi walipelekwa kwingine na kwingine, ila wale waliocheza vizuri waliombwa, kwa majina, na chuo kikubwa cha mjini. Zakaria akaenda huko. Nusu Mkate naye akaenda, nasikia walimweka pembeni awe wa akiba na hawakumchezesha. Mzee Kasimu alituletea habari baadaye, alipopita kwa mjomba, kwamba chuo kile sasa hakishikiki, kinawafunga watu wote, na kijana wetu ndiye nahodha. Alisema kijana wetu. Mama akamwuliza, wetu wa wapi?

Mimi nilihesabiwa kuwa nitahamishiwa shule nyingine, jina langu likasomwa pamoja na ya wenzangu. Shule yenyewe ilikuwa ng'ambo ya pili ya mji, na sisi tulikuwa tunakwenda upande mwingine kabisa. Mama hakuwaambia. Niliishia hapo, darasa la tatu, na kama ninasoma leo vibao vya mabasi na makaratasi ya hospitali, na meseji za Neema, basi ni kwa kile kidogo nilichokipata kabla pale hapajafungwa.

Siku ya kuondoka jiko lilikuwa limeshapoa. Sikuwahi kulishika likiwa la baridi. Nikaweka kiganja juu ya mafiga nikaogopa, kama nimemgusa mtu aliyekufa. Mama alitoa vitu vyetu nje kimoja kimoja. Kikabaki kitanda cha kamba, ambacho mtu mmoja hawezi kukipitisha mlangoni. Akashika upande wa kichwani, akaniita nishike wa miguuni. Nikasimama mbali, mikono nyuma. Nilikuwa nimeshaelezwa na Zakaria, nilikuwa nimeshaelezwa na Mzee Kasimu, na Mama mwenyewe alikwishanieleza, nilielewa vizuri kabisa. Lakini kuelewa hakukuwa kumefika kila mahali mwilini.

"Mama," nikasema, "lakini si tulishinda?"

Alikuwa ameinama, ameshika mti wa kitanda. Hakuuachia. Alinitazama hivyohivyo kutoka pale chini, akiwa amejifunga kanga kiunoni na jasho linamtiririka puani.

"Mlishinda," akasema. "Niliona kwa macho yangu. Haya, shika huko tuinue."